Endelevu Hadi Wapi? Tafakuri Kuhusu Majengo ya Utamaduni Kati ya Ruiru na Thika

Ndugu msomaji, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna ada ya kulipokea neno jipya kama mgeni wa heshima: twalikaribisha sebuleni, twaliuliza nasaba yake, kisha twaliacha likae pale pale bila kuliuliza limekuja kutafuta nini. "Endelevu" ni mgeni wa aina hiyo. Nasaba yake haina utata. Kama sikia ilivyozaa sikivu, tulia ikazaa tulivu na elekea ikazaa elekevu, ndivyo endelea ilivyozaa endelevu. Mtu msikivu ana tabia ya kusikia; kitu endelevu, kwa kanuni iyo hiyo, kina tabia ya kuendelea. Hadi hapo sarufi imetimiza wajibu wake. Kitu hicho kinaendelea kuelekea wapi, na kwa gharama ya nani, sarufi haina jawabu.

Mimi ni mzaliwa wa Thika, mtaa wa Makongeni, na ninasoma katika chuo kimojawapo kati ya vile vilivyojipanga kando ya barabara kuu itokayo Nairobi. Kila juma hupita Juja na Ruiru nikiwa ndani ya matatu, na kwa kuwa msongamano wa magari haukukoma hata baada ya barabara kupanuliwa, hupata wasaa wa kusoma mabango. Makazi endelevu. Mji endelevu. Uwekezaji endelevu. Laiti maneno yangekuwa mawe, tungekuwa tumekwisha kujenga kasri.

Hata hivyo si maneno matupu yanayoiandama njia hii. Mambo mengi yametendeka kweli. Barabara yenyewe ilianza kupanuliwa mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi Novemba 2012. Ni takribani kilomita 50 hadi Thika. Sensa ya mwaka 2009 iliwahesabu wakazi wa mji wa Ruiru wapatao 239,000. Ile ya 2019 ikawakuta zaidi ya 490,000. Yaani mji ulijizidisha maradufu katika muda ambao mtoto wa enzi hizo alianza shule na kumaliza darasa la nane. Thika nayo ilikuwa na zaidi ya watu 250,000 mwaka huo wa 2019, na tangu hapo imekuwa ikisaka hadhi ya jiji. Mashamba ya kahawa yaliyoipa Ruiru jina duniani (wakulima wote wa kahawa nchini wanaijua aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti kilichoko hapo) yanageuka kuwa mitaa. Tatu City peke yake imepangwa juu ya ekari 5,000 zilizokuwa mashamba. Ukirudi nyuma kidogo kuelekea Nairobi, jengo la maduka la Garden City lilifunguliwa mwaka 2015 likiwa na paneli za sola zenye uwezo wa kilowati 858 juu ya maegesho yake, hivi kwamba magari hukaa kivulini huku kivuli chenyewe kikizalisha umeme. Mimi nilipouona mpango huo mara ya kwanza niliupenda, na hata leo naupenda.

Lakini katika miji hii miwili, yenye watu wanaokaribia robo tatu ya milioni, mimi sijapata kuingia katika ukumbi wa umma uliojengwa makusudi kwa ajili ya tamthilia, ngoma na ushairi. Nimeingia katika kumbi za kanisa, za mikutano, za harusi na za kulia chakula. Huko ndiko chama chetu huigizia.

Mwaka mmoja tulikodi ukumbi wa aina hiyo mjini Ruiru, mwezi wa Aprili, kuonyesha mchezo tulioutunga wenyewe. Ukumbi ulikuwa mpya. Ulikuwa na sakafu ya marumaru ing'aayo, madirisha makubwa ya vioo upande wa magharibi, na paa la mabati lisilo na dari. Saa tisa alasiri jua liliingia kwa madirisha yale likawapofusha watazamaji wa safu za mbele. Walijikinga macho kwa nakala za programu yetu. Saa kumi na nusu mvua ya masika ikaanza. Ndugu msomaji, umewahi kusikia mvua ya Aprili juu ya mabati matupu? Waigizaji wetu waliendelea kufumba na kufumbua vinywa kama samaki walio nje ya maji. Mhusika mkuu alikiri dhambi zake zote mbele ya mke wake, na hapana aliyemsikia, hata mke mwenyewe. Tulisimamisha mchezo. Mvua ilipokatika baada ya dakika arubaini, nusu ya watazamaji walikuwa wamekimbilia matatu kabla ya nauli kupanda. Na maji yote yale, maelfu ya lita, yalikuwa yameporomoka kutoka paani hadi uani, yakatiririka barabarani, yakaenda zake. Nasi tulipotaka kunawa rangi za usoni, mabomba yalikuwa makavu.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kila kilichotusibu siku ile kilikuwa kimeamuliwa mezani, juu ya mchoro, na mtu asiyekuwa na nia mbaya. Uhandisi endelevu, ukiuvua kanzu ya mabango, ni maamuzi ya namna hiyo: dirisha litazame wapi, paa liwe na tabaka ngapi, maji yaende wapi. Hapa kwetu tuko karibu mno na ikweta, kiasi cha nyuzi moja kusini mwake. Jua halitusumbui sana kutoka kaskazini wala kusini, kwa kuwa hupita juu ya vichwa vyetu. Hutusumbua asubuhi na alasiri linapokuwa chini. Jengo lililonyooshwa kutoka mashariki hadi magharibi, likaweka madirisha yake kaskazini na kusini chini ya upenu mpana, hupata mwanga bila joto. Hilo halihitaji shilingi moja ya ziada. Lahitaji mtu asimame kiwanjani alasiri moja kabla ya kuchora.

Kuhusu paa, tunaye mwalimu. Diébédo Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alikijengea kijiji chake shule iliyokamilika mwaka 2001. Alichukua udongo wa pale pale, akafanya matofali, akajenga kuta na dari la matofali lenye nafasi za kupitisha hewa, kisha akaliinua bati juu kabisa ya dari hilo, likaelea kama mwavuli. Joto la bati halimfikii mwanafunzi, maana hupeperushwa na upepo upitao katikati. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker, tuzo kuu ya usanifu majengo duniani. Mwaka uliotangulia alikuwa amemaliza majengo ya Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, hapa hapa Kenya, yenye minara mirefu inayotoa hewa ya moto nje kwa kuiga vichuguu vya mchwa. Kwetu sisi wa michezo ya kuigiza, paa la tabaka mbili lina fadhila ya pili, nayo ni kupunguza kelele. Dari zito chini ya bati huumeza mshindo wa mvua. Mhusika wetu angekiri dhambi zake akasikika.

Na maji? Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Paa lenye ukubwa wa mita za mraba 400 hupokea lita 400 kwa kila milimita ya mvua. Mvua ikiwa milimita 900 kwa mwaka, zitaanguka juu ya paa hilo lita 360,000. Toa robo kwa ajili ya kufurika na kupotea, zinabaki 270,000. Ni maji ya vyoo, ya kufulia maleba, ya kunyweshea miti. Ajabu ni kwamba mito ya kwetu, Ruiru na Thika, kwa miaka mingi imekuwa ikiinywesha Nairobi. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 juu ya mto Thika, huweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70 kwa ajili ya jiji hilo. Sisi tulio chini ya bwawa tunanunua maji kwa mitungi huku tukiyatazama ya mvua yakiuharibu mtaro wa jirani.

Mtaro, naam. Hapo ndipo neno letu lilipokutana na mwulizaji wake. Nilihudhuria baraza moja la ushirikishwaji wa umma katika eneo la Ruiru, ambapo afisa kijana alikuja kutueleza mradi wa kuboresha mtaa. Ripoti aliyoishika ilikuwa nene kama Biblia, yote kwa Kiingereza. Naye, kwa moyo mwema, alijitahidi kuitafsiri papo kwa papo. Akafika mahali akasema: "Mradi huu pia utawaletea wananchi mtaro endelevu." Mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi mbele akainua mkono.

"Mwanangu," alisema, "huo mtaro endelevu unaendelea hadi wapi? Maana ule wa zamani uliendelea hadi jikoni kwangu."

Watu walicheka. Afisa pia alicheka, akasema, "Mama, hilo tutaliangalia," akafungua ukurasa uliofuata. Mimi sikucheka sana. Nililiona lile kuwa swali la kihandisi lililo kamili kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo. Maji hayaishi kwa kuondolewa mbele ya duka. Huenda kwa mtu mwingine. Mtaro unaostahili sifa ile ni ule unaojulikana mwisho wake: kidimbwi cha kuyapokea, ardhi iliyoachwa wazi yakazame, au tangi. Kama afisa angalikuwa na ripoti kwa lugha ambayo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, mama yule angaliuliza swali lake akiwa na ukurasa wa mchoro mkononi, na jibu la "tutaliangalia" lisingalitosha. Huu ni mwanya wetu sisi tusomao tafsiri na istilahi. Tunaandika tasnifu juu ya istilahi za kompyuta na za sheria. Istilahi za mfereji na msingi wa nyumba tumewaachia mafundi.

Na mafundi wanazo. Mjomba wangu ni mwashi. Amejenga tangu Juja hadi Gatundu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipoanza kuandika makala haya nilimwendea, nikamuuliza kwa nini nyumba nyingi za kando ya barabara hupasuka kuta kabla hazijapakwa rangi mara ya pili.

"Mpwa wangu," aliniambia, "huu udongo mweusi ukinyeshewa hufura, ukikauka hunywea. Ukijenga juu yake bila kuuchimba mpaka uufikie mwamba, umejenga juu ya mgongo wa ng'ombe aliyelala. Siku moja atasimama."

Alinifundisha pia kuhusu mawe ya Ndarugu. Machimbo ya eneo la Juja na Ndarugu yamelijenga jiji la Nairobi kwa kiasi ambacho wenyeji wa jiji hawakijui. Ni mawe ya volkeno, hukatwa kwa mashine yakawa na nyuso nyoofu, na fundi mzuri huweza kuyapanga kwa mchanga na sementi kidogo sana, akayaacha wazi bila lipu. Hilo lina uzito wake, kwa kuwa utengenezaji wa sementi duniani hutoa takribani asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Ukuta wa jiwe lililotoka kilomita kumi, usio na lipu, una deni dogo kwa dunia kuliko ukuta wa zege uliofunikwa vioo vilivyovuka bahari. Lakini mjomba si mtu wa kusifia kazi yake kipofu. Alinipeleka kuona shimo la machimbo yaliyoachwa. Lilikuwa limejaa maji ya kijani, na mbuzi walikuwa wakinywa ukingoni. Watoto wamekufa maji katika mashimo ya namna hii. Jiwe la nyumbani nalo lina mtaro wake unaoishia kwa mtu.

Sasa nije kwenye hili la utamaduni, maana mhandisi anaweza kuniambia kwamba yote niliyoyataja yanafaa kiwanda, zahanati au soko vile vile. Ni kweli. Lakini jengo la utamaduni lina jambo moja la ziada: haliwezi kudumu bila watu wanaoliona kuwa lao. Kiwanda hulindwa na faida yake. Ukumbi wa ngoma hulindwa na wachezaji.

Kaunti yetu ya Kiambu ina mfano ambao hauna budi kutajwa. Huko Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walijijengea ukumbi wa wazi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, ameeleza jinsi walivyoanza kwa kuupanga mchoro kwa njiti za kiberiti, kisha wakatengeneza kielelezo kidogo, ndipo wakajenga. Jukwaa lilikuwa nusu duara, ukuta wa nyuma wa mianzi, viti virefu vya mbao vilivyopandana kama ngazi, nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Hapakuwa na paa. Ukiutazama kwa jicho la mhandisi wa leo, utauona umetimiza karibu kila sharti: vifaa vya jirani, mwanga wa jua, hewa ya bure, na mafundi ambao kesho yake ndio waigizaji na watazamaji, kwa hiyo ubao ukilegea aliyeupigilia yupo. Ngaahika Ndeenda, mchezo aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulianza kuonyeshwa hapo Oktoba mwaka huo. Novemba kibali kikaondolewa. Machi 1982 polisi wenye silaha wakaubomoa ukumbi wote. Haukuanguka kwa mchwa wala kwa mvua. Kwa hiyo ninapowasikia wataalamu wakihesabu uhai wa jengo kwa miaka ya zege lake, huwa nawaza kwamba kuna hesabu nyingine ambayo haimo katika majedwali yao.

Thika yenyewe ina simulizi iliyo kinyume cha hiyo. Katika bustani ya Mugumo panasimuliwa habari za mti ambao Mugo wa Kibiro alitabiri kwamba ukianguka, utawala wa mkoloni nao utaanguka. Wakoloni, inasemekana, waliuzungushia vyuma ili usianguke. Ukaanguka mwaka 1963. Sijui fundi aliyefunga vyuma vile aliandika nini katika taarifa yake ya kukabidhi kazi.

Mfano wa tatu niliuona kwa macho yangu nilipokwenda Unguja na wenzangu kwa kongamano la wanafunzi. Tulikuwa tumetamani sana kuingia Beit al-Ajaib, lile jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, likanusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Tulilikuta limezungushiwa uzio. Sehemu yake ilikuwa imeporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaanguka, mafundi wawili wakafa. Mwenyeji wetu, mzee aliyekuwa amefanya kazi ya uashi Mji Mkongwe, alitueleza kwamba nyumba za matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukizipaka sementi ngumu, unyevu hubaki ndani, ukala mbao na chuma taratibu bila mtu kuona. Ndiyo sababu, alisema, nyumba kongwe haitaki fundi mwenye nguvu. Inataka fundi anayerudi kila mwaka. Nimeyakumbuka maneno yake mara nyingi, hasa ninaposikia kwamba mradi fulani "umekamilika".

Nimezunguka hadi pwani, nirudi Ruiru, kwa kuwa huko ndiko kuna jambo lililonifanya niishike kalamu. Katika shamba moja la zamani la kahawa, ambalo sasa limekatwakatwa kuwa viwanja, limebaki jengo la kiwanda cha kumenya na kukaushia kahawa. Mimi na wenzangu wawili tuliruhusiwa na mlinzi kuingia. Kuta zake ni za mawe, nene kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ghala lake lina sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini, na matundu chini na juu ya kuta, maana kahawa iliyokwisha kuanikwa haitaki unyevu: hewa baridi huingia chini, ya moto hutokea juu. Nje kuna matangi manne ya kuchachushia na mifereji ya kuoshea inayoteremka kwa mwinamo wa taratibu hadi bondeni. Nilisimama katikati ya ghala nikasema beti mbili za shairi langu kwa sauti ya kawaida. Mwenzangu aliyekuwa mwisho kabisa wa jengo alinisikia kila silabi. Joto la nje lilikuwa la Februari. Ndani tulitaka masweta.

Jengo hilo limewekewa alama ya kubomolewa. Patajengwa magorofa ya kupangisha, na katika vipeperushi vya wauzaji magorofa hayo yanaitwa, bila shaka umekisia, endelevu.

Sina ugomvi na magorofa. Watu 490,000 lazima walale mahali, na mwanafunzi anayelipa kodi ya chumba kimoja Juja hawezi kuhubiri dhidi ya nyumba. Swali langu ni la mahali hapo pamoja tu. Matangi yale manne yangehifadhi maji ya mvua ya paa zima. Ghala lingebeba watazamaji mia mbili bila feni hata moja. Kwingine wamethubutu. Jijini Nairobi, kituo cha sanaa cha GoDown kilianza mwaka 2003 ndani ya ghala lililokuwa la kutengenezea magari katika Eneo la Viwanda, na wacheza ngoma, wachoraji na wanamuziki wakalifanya nyumbani kwao kwa miaka. London, kituo kikubwa cha kuzalisha umeme kando ya mto Thames kiligeuzwa jumba la sanaa la Tate Modern, likafunguliwa mwaka 2000. Na Thika, hoteli ya Blue Posts, iliyoanza mwaka 1908 kati ya maporomoko mawili, bado inapokea wageni; hapana aliyesema ukongwe wake ni hasara. Kahawa ndiyo iliyowaleta wazazi wa wengi wetu katika mji huu, vibarua waliochuma kwa debe. Itakuwa ajabu mji huo usibakize hata chumba kimoja cha kuyasimulia hayo.

Nimewasikia wanaosema kwamba kukarabati ni ghali kuliko kujenga upya. Wakati mwingine ni kweli, hasa pale ambapo jengo limeoza, na Beit al-Ajaib inatukumbusha kwamba ukarabati nao unaweza kuua. Lakini hesabu ya wasemao hivyo huanzia kwenye kiwanja kitupu. Haijumlishi mawe yaliyokwisha kuchimbwa, chokaa iliyokwisha kuchomwa, mikokoteni iliyokwisha kusafiri. Vyote hivyo vimo ndani ya kuta tayari, na ukibomoa unavilipia mara ya pili.

Sheria inaturuhusu kusema. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inawapa wakazi nafasi ya kushiriki katika mipango ya mji wao. Chama chetu kimeamua kuwasilisha waraka, nasi tumegawana kazi. Wenzetu wa uhandisi katika chuo jirani wamekubali kupima kuta, misingi na paa, kwa kuwa mapenzi yetu hayawezi kuthibitisha kwamba jengo ni salama; wakituambia halifai, tutaikubali kauli yao. Sisi tutaandika waraka wenyewe kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri ya sehemu zile za ripoti ya athari kwa mazingira zinazowahusu majirani wa bondeni. Nimependekeza nakala ya kwanza apewe yule mama wa barazani, kama tutaweza kumpata.

Kazi ya tafsiri imekwama kwa muda katika istilahi moja, nami naitumia fursa hii kuwaomba walimu na wenzangu msaada. Wahandisi wana jina la ile nishati iliyokwisha kutumiwa kuchimba, kuchoma, kusafirisha na kupanga vifaa vya jengo, ambayo hupotea jengo likibomolewa. Sisi tumejaribu "nishati zikwa", mwalimu wetu wa istilahi akalikataa, akisema linanuka mava. Tukajaribu "nishati fumbatwa". Hilo hajalikataa, ila ametutaka tumweleze fundi mwashi maana yake bila kutumia Kiingereza, tuone kama ataelewa. Jumamosi nitampelekea mjomba.